Miiba ya Kisima na Vitabu Vitatu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumamosi, Editha alivuta tawi la miiba lililofunika mdomo wa kisima. Kisima kilichimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, nyuma ya mashamba ya alizeti ya Sepuka. Alichota ndoo moja, akarudisha tawi mahali pake, akapanda ukingo. Alifanya hivyo kila siku na hakuwahi kuliwazia tawi lile.

Asubuhi hiyo aliwaza vitabu. Mwalimu Melkiori, mlezi wa kikundi cha maigizo shuleni, alikuwa amempa nakala tatu za tamthiliya moja ya kale. Ilikuwa tanzia: mfalme anaapa kwamba atakayefungua kisima chake wakati wa ukame atauawa, kisha anayekifungua ni binti yake mwenyewe. Maneno ya mchezo yalikuwa yale yale katika nakala zote. Kilichotofautiana ni maelezo ya wahariri chini ya kurasa. Muuza vitabu wa Singida mjini alizituma kama sampuli. Shule ingeagiza nakala sita za toleo moja, na agizo lisingebadilishwa. Katika mashindano ya kata Editha angeigiza binti wa mfalme, na waamuzi wangemtaka aeleze kila anachokitamka na kila anachokitenda.

"Wewe ndiye kiranja wa maktaba," mwalimu alikuwa amemwambia. "Chagua, uniandikie na sababu. Jumatatu saa mbili nazirudisha na gari la Singida."

Mchana alifika Marietha, rafiki yake wa darasa la saba. Editha alikuwa ameinamia onyesho la kwanza tangu saa nne, akihama kutoka kitabu kimoja kwenda kingine, na kichwa kilimuuma. Marietha alichukua chenye picha jaladani.

"Chagua hiki. Mfalme ana ndevu nzuri."

"Waamuzi hawataniuliza ndevu."

"Basi hicho kinene. Ukichoka kukisoma unakikalia."

Editha hakucheka. Alichukua kalamu, akaanza kuhesabu maelezo. Kitabu cha picha kilikuwa na hamsini na nane, chembamba tisini na sita, kinene mia mbili na kumi na nne. Akaandika kwenye karatasi: "Kinene, kwa sababu kina maelezo mengi zaidi."

"Umeyasoma hayo yote mia mbili na kumi na nne?" Marietha aliuliza.

"Nimeyahesabu."

"Sijakuuliza hilo."

Jumapili baada ya ibada, Mwalimu Melkiori aliisoma karatasi hiyo nje ya kanisa, akamrudishia. "Hii ni idadi, Editha. Nataka sababu. Nionyeshe ukurasa."

Saa kumi jioni alikwenda kisimani akiwa amekasirika. Alichota haraka, akaondoka. Kabla hajafika nyumbani alisikia anaitwa. Mama Magreth, aliyekuwa na zamu ya kutunza kisima wiki hiyo, alisimama ukingoni na fimbo mkononi.

"We Editha! Umeacha kisima wazi. Mbuzi wa Leonidas wamekikanyaga chote. Watu watakunywa tope?"

"Nisamehe, mama. Nilikuwa na mawazo."

"Mawazo hayazuii mbuzi. Shika bakuli."

Alizoa tope kwa karibu saa nzima mpaka maji yakatoka safi. Alipolirudisha tawi la miiba, mkono wake ulisimama. Alikumbuka kwamba katika onyesho la pili binti wa mfalme anaondoa miiba, kisha anaketi akisubiri.

Nyumbani alifungua vitabu vyote vitatu kwenye mstari huo. Chenye picha hakikueleza chochote. Kinene kilisema: "Miiba ni pambo la huzuni. Binti anaivaa kichwani." Lakini katika mstari uliofuata wa mchezo, wachungaji wanaingiza ng'ombe kunywa maji. Chembamba kilisema: "Miiba huzuia mifugo. Akiiondoa, amefungua kisima. Hili ndilo kosa linalomuua." Editha aliendelea kusoma mpaka mwisho wa onyesho. Katika kinene alipata maelezo mengine matatu yaliyopingana na mchezo wenyewe. Katika chembamba hakupata hata moja, ila mahali pamoja mhariri aliandika: "Maana ya neno hili sijaithibitisha."

Jumatatu saa moja na nusu alibisha mlango wa ofisi ya walimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeleta ukurasa?"

"Nimeleta kurasa nne. Jumamosi sikusoma, nilihesabu tu." Akamweleza habari ya kisima na mbuzi, bila kupunguza.

Mwalimu alisoma kurasa zote nne kabla ya kusema. "Na hapa chembamba kinapokiri hakijui?"

"Hapo naweza kutafuta mwenyewe, mwalimu. Kinene kingenidanganya, na nisingejua."

"Ningeikubali karatasi yako ya kwanza, ungepanda jukwaani na miiba kichwani," mwalimu alisema. "Ulihesabu ili usisome. Hiyo ni njia ya kukwepa kazi, hata ukitoka jasho. Kitabu kinachokufundisha kipime kwanza kwa jambo unalolijua kwa mikono yako. Kikikosea hapo, usikiamini upesi kwingine."

Akampa fomu ya agizo. Editha aliijaza: nakala sita, toleo jembamba. Saa mbili na dakika nane gari la Singida liliondoka Sepuka na bahasha ya fomu pamoja na sampuli zote tatu.