Vita vya Watu Wengine

Foleni ya mafuta ilikizunguka kituo kizima ikatokeza barabarani, na wengi walikuja na madumu, magari wameyaacha nyumbani. Kinyozi alishika dumu la jenereta ya saluni yake. Mbele yake alisimama msichana mwenye aproni nyeupe juu ya gauni la bluu, unga umemganda kwenye nyusi, akimkazia macho kila aliyejaribu kuchomekea.

"Dada, hiyo poda umepaka makusudi?" Kinyozi alimchokoza.

"Ni unga. Uangalie vizuri, maana mwezi ujao huenda usiuone."

"Kwa nini tena?"

"Ngano inatoka huko wanakopigana. Mafuta nayo yamepanda. Tanuri letu siku hizi linawashwa kwa zamu. Vita vya watu wengine, njaa yetu sisi."

"Lakini wale wakubwa, wenye jeshi lenye nguvu, walichokozwa. Wana haki ya kujibu."

Msichana aligeuka akampima toka utosini hadi viatuni: shati limenyooshwa kwa pasi, kucha safi, ndevu zimechongwa. "Mtu nadhifu hivi, kichwani umejaza nini?"

Walipofika kwenye pampu walikuwa wameshapeana namba.

Mapenzi yao yalikuwa ya kubishana. Kinyozi alimpigia Mwokaji, maana ndivyo alivyomwita, kila alipofunga saluni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Jeshi lako limepiga hospitali leo. Umesikia?"

"Propaganda hizo, malkia wangu."

"Malkia wako anakata simu."

"Usikate, nakuomba! Nimenyamaza."

Mwokaji alicheka, hakukata. Ila yeye alikuwa akisema kwa uchungu, na Kinyozi alibisha kama mtu anayebishania mpira. Saluni aliiwekea utaratibu wake: aliyewaunga mkono wakubwa alikaa kiti cha kulia, na akiwatetea vizuri ananyolewa ndevu bure. Wa upande wa pili walikaa kushoto na kulipa. Watu walijaa, televisheni ikanguruma, na Kinyozi akahubiri na mashine mkononi. Raha iliyoje kuongelea vita ukiwa mbali nayo!

Mwokaji alikuwa na mdogo wake wa kiume, dereva wa pikipiki. Mafuta yalipomshinda bei, kijana aliegesha pikipiki akaanza kushinda kwenye kiti cha kulia. Kinyozi alimpenda, akamfundisha hoja zote, na kijana wa watu akaziamini. Asubuhi moja alikaa akasema, "Shemeji, ninyoe upara. Naenda kuwasaidia."

Saluni nzima iliangua kicheko. Kinyozi alimnyoa huku akimrekodi kwa simu. "Mtazameni shujaa wetu!" alitangaza, akairusha video mtandaoni. Alidhani ni mzaha. Kijana alikuwa na tiketi mfukoni, amepewa na mawakala waliokuwa wakikusanya wapiganaji.

Mwokaji aliiona video ile kazini, mikono imejaa kinyunya. Alimpigia mdogo wake, simu imezimwa. Akakimbilia nyumbani, na kutoka huko akampigia Kinyozi.

"Mdogo wangu kaondoka! Kamwachia Mama ujumbe, anasema anaenda vitani."

"Si alikuwa anatania..."

"Ulimnyoa ukicheka! Hata kunipigia ilikushinda?"

Tangu hapo hakupokea tena simu yake. Ngano iliadimika, na Mwokaji akapunguzwa kazi. Kinyozi aliizima televisheni, wateja wakahamia kwingine. Kisha habari ikaja kuwa kijana ameuawa kwenye handaki, na mwili hautarudishwa.

Siku chache baadaye simu ya Kinyozi iliita.

"Njoo nyumbani," Mwokaji alisema, sauti imemkauka. "Mama hali, halali. Anauliza mwanawe amefia nini. Mimi sina la kumwambia. Wewe unalo."

"Mpenzi, siyaamini tena maneno yale. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi."

"Sikukuita unipe ushindi. Njoo umwambie Mama."

Alikwenda. Mama alikuwa amekaa sakafuni, sahani ya chakula imepoa kando yake.

"Baba," alisema, "wanasema wewe unavijua vita hivi. Mwanangu alikufa kwa haki, au nimepoteza mtoto hivi hivi?"

Kinyozi alipiga magoti. Akaanza kusema. Walichokozwa, Mama. Walivumilia sana. Aliyekwenda kuwasaidia alikwenda kuwalinda wanyonge. Maneno yalitoka yamepangika, matamu, na alichukia kuona yanavyotii. Mama alishusha pumzi, akamshika mkono.

"Basi hakufa bure," alisema, akajisogezea sahani.

Mwokaji alimsindikiza mpaka mlangoni. Alikuwa amekonda, mtandio mweusi umemfunika mpaka mabegani.

"Umesema vizuri sana. Ndivyo ulivyomwambia na yeye?"

Kinyozi alitamani kudanganya. "Ndivyo. Neno kwa neno."

"Kila siku nilijiuliza alikwendaje, mtu mwenye akili zake. Leo nimekaa pale nikusikilize, na mimi nikakaribia kukuamini." Alifuta machozi kwa kiganja. "Nakupenda. Sijaacha hata siku moja. Lakini nyumba yenye sauti yako siiwezi."

Kinyozi alisimama kizingitini, hajui miguu aipeleke wapi. "Kesho nije tena kumwona Mama?"

"Njoo. Atataka umwambie tena. Ukifika, mimi nitakuwa nimetoka."