Kilomita Ambazo Lori Halikuhesabu

Vumbi liliwakuta saa nane mchana, likija kutoka kushoto kama ukuta unaotembea. Dereva aliwasha taa, zikamulika hatua mbili tatu za hewa nyekundu, basi. Katikati alikaa mdogo wake wa kike, ambaye kila mtu alimwita Fundi kwa kuwa ndiye aliyelifufua lile lori. Dirishani alikaa Mpishi, mwanamume mnene, mwingi wa vicheko, aliyekuwa anarudi kazini kwenye kambi ya wachimba visima.

"Tusimame, Kaka," Fundi alisema, kitambaa puani.

"Tukisimama tutafukiwa. Saa ya kilomita si hii hapa?" Dereva aligonga kioo cha dashibodi kwa kucha. "Njia panda iko kilomita mia na tisini kutoka kizuizi cha mwisho. Ikifika mia na tisini nakata kulia, halafu ishirini na tano nyingine tuko kambini. Hata nikiwa kipofu nafika."

Lori lilikuwa la jeshi, ekseli tatu zote zinavuta, lililouzwa mnadani jeshi lilipolichoka. Wiki moja kabla ya safari Dereva aling'oa matairi yake ya zamani akafunga mengine makubwa, yaliyomfika Fundi kifuani. Fundi alipouliza kuhusu dizeli, kaka yake alimcheka. Tairi kubwa huzunguka mara chache, alisema, injini haihangaiki, mafuta yanadumu. Kwa imani hiyo akashusha pipa la akiba ili apakie mabomba ya kisima zaidi.

Kwenye barabara ngumu, labda. Ila tangu asubuhi walikuwa kwenye mchanga, na huko yale matairi yalikuwa mazito kwa injini ile. Dereva akiweka gia ya nne lori linatetemeka, akirudisha ya tatu linalalamika, mwisho anabaki na ya pili, injini inanguruma na dizeli inakwenda kama inamwagwa. Fundi aliisikia. Alinyamaza, kwa sababu kaka mtu alikuwa na kichwa kigumu, na kelele za upepo zilitosha.

Saa ya kilomita ilipoonyesha mia na tisini, Dereva alikata kulia. Palikuwa na kitu kama njia, kisha hakikuwa njia tena. Kilomita kumi na nane mbele, magurudumu ya nyuma yakazama.

Walishuka, wakachimba kwa koleo na mikono, wakaingiza mbao mbili nene chini ya matairi. Dereva akakanyaga mafuta. Tairi moja likauuma ubao, likautema nyuma kwa nguvu, nao ukampata Mpishi chini ya goti. Fundi alisikia mfupa ukivunjika kabla ya kusikia ukelele.

Lori lilijinasua, likaenda mita mia mbili, likakohoa, likazimika. Dereva alipiga starta mpaka betri ikaanza kuchoka.

"Acha, Kaka. Tangi limekauka."

Upepo ulipotulia, Fundi aliunyoosha mguu wa Mpishi, akaufunga kwa vipande vya mbao na mkanda wa turubai, naye Mpishi akiuma kola ya shati lake. Kisha akaenda nyuma kuchukua maji. Walikuwa na madumu mawili, yamefungwa kando ya chesi, fremu ya chini ya lori. Moja lilikuwa jepesi mkononi. Tairi jipya, kila liliporuka, lilikuwa likilisugua ubavuni, hadi likatoboka. Alimwonyesha kaka yake lile tundu. Kaka mtu aliliangalia, akageuza uso.

"Lingine lina lita kumi na nne," Fundi alisema.

"Zinatosha. Kambi iko kilomita saba mbele. Asubuhi naenda, narudi na gari."

Kabla jua halijazama, Fundi alichukua kamba akaizungusha kwenye tairi la mbele, akaipima kwa futi yake ya chuma. Tairi la akiba, juu ya mabomba, lilikuwa bado la zamani. Akalipima na lile. Akarudia yote mawili. Kisha akachuchumaa mchangani akaandika tarakimu kwa kidole.

"Kaka, njoo uone. Saa ya kilomita haijui tumefika wapi. Inahesabu mizunguko ya gurudumu tu. Tairi la zamani likizunguka mara moja linakwenda mita tatu na sentimita ishirini. Hili linakwenda mita tatu na tisini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo iliposema mia na tisini, sisi tulikuwa tumekwenda mia mbili na thelathini na kitu. Njia panda tuliipita kitambo tukielekea kaskazini, ndani ya vumbi. Mbele yetu hakuna kambi. Kambi iko kusini, kilomita arobaini na mbili."

Dereva alicheka, kicheko kikavu. "Nimeendesha malori tangu wewe unanyonya. Leo unanipima kwa kamba?"

"Dereva," Mpishi aliita kutoka kivulini, jasho likimtiririka. "Msikilize mtoto wa mama yako."

"Wewe tulia na mguu wako."

Alfajiri Dereva aliondoka na lita nne, akielekea mashariki. Fundi alimtazama mpaka akawa doa, na doa likayeyuka.

Siku ile jua lilisimama juu yao kama mtu mwenye kisasi. Chini ya lori palikuwa na kivuli, lakini chuma kilirudisha joto. Mguu wa Mpishi ulivimba hadi ngozi ikang'aa. Alitaka maji kila mara, na kila mara Fundi alimpa kifuniko kimoja.

"Ya rejeta je?" aliuliza Mpishi.

"Yana dawa ya kutu. Ni sumu." Aliyafungulia hata hivyo, yakatiririka ya kijani kwenye ndoo, akalowesha vitambaa akamfunika kimoja kichwani na kingine kifuani.

"Miaka kumi na tisa nimepikia watu," Mpishi alisema, akiwa amefumba macho. "Leo napikwa mimi. Tena bila chumvi."

Fundi alicheka, akajuta, maana midomo ilipasuka.

Dereva alirudi jua likizama. Hakuwa anatembea sawasawa. Alikuwa anaanguka na kujizuia, anaanguka na kujizuia. Chupa zilikuwa tupu. Alinyweshwa, akatapika, akanyweshwa tena. Kisha akaegemea gurudumu.

"Nilikwenda saba," alisema mwisho. "Nikaenda kumi. Nikaenda kumi na mbili. Hakuna hata kinyesi cha ngamia." Alimeza mate ambayo hakuwa nayo. "Niambie tena ile hesabu."

Alimwambia. Safari hii hakubisha. Zilibaki lita tano, na siku nzima ilikuwa imepotea.

"Nitakwenda mimi," Fundi alisema. "Njia ya kambi inakatiza kusini kwetu, mashariki kwa magharibi. Nikishika kusini siwezi kuikosa, nitaikanyaga tu. Nikiikanyaga, nakata kushoto."

"Mimi ndiye mwanamume. Mimi ndiye niliyewaleta huku."

"Huwezi kusimama, Kaka."

Alichukua lita tatu, akawaachia mbili. Mpishi alimshika kifundo cha mguu alipopita. "Ukifika jikoni kwangu, usile wali wa jana. Yule msaidizi wangu hajui kuhifadhi." Kisha, kwa sauti nyingine, "Fundi. Fanya haraka."

Alitembea jioni ile, akatembea giza lilipoingia, nyota moja akiiweka begani. Alihesabu hatua kwa maelfu, na kila elfu akahamisha kijiwe kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Asubuhi jua lilimpiga shavu la kushoto, akajua yuko sawa. Lilipopanda utosini alijichimbia chini ya mwamba wenye kivuli kisichozidi mkeka, akalala mdomo wazi, nzi wakiingia na kutoka. Alipoamka ulimi ulikuwa mkubwa kuliko mdomo. Viatu vilikuwa vimejaa kitu chenye utelezi; hakuvivua, aliogopa hatavivaa tena.

Usiku wa pili maji yaliisha. Vijiwe vikamchanganya. Alikuwa amevuka arobaini na mbili au bado? Labda alikosea kupima. Labda futi ilikuwa imepinda, labda kamba ilivutika, na watu watatu watakufa kwa sababu ya kamba. Alikaa chini. Akasikia moyo wake ukigonga masikioni kama injini isiyo na mafuta ya kutosha. Akajikaza, akainuka, kwa sababu kukaa kuliuma zaidi.

Kulipopambazuka mguu wake ulitumbukia kwenye mfereji mdogo. Hatua moja mbele, mwingine. Aliinama akapapasa kwa viganja. Ilikuwa alama ya magurudumu mawili, yamepita hapo mara nyingi, mashariki kwa magharibi. Alilia bila machozi, akakata kushoto.

Kambini walimwona mtu mwekundu wa vumbi akija kwa miguu, peke yake. Walimpa maji kwa kijiko, na kila alipoweza kusema alisema jambo moja: kaskazini moja kwa moja, kilomita arobaini na mbili, wako wawili.

Pikapu mbili ziliondoka naye. Alikataa kubaki.

Walilikuta lori adhuhuri. Dereva alikuwa amekaa chini yake, kichwa cha Mpishi kikiwa mapajani mwake, anafukuza nzi kwa kofia. Hakuacha kufukuza walipomfikia. Fundi aliuona uso wa Mpishi, akaelewa.

"Lini?"

"Alfajiri." Sauti ya kaka yake ilikuwa kama ya mtu mwingine. Kando yake dumu lilikuwa na maji ya nusu kikombe. Mmoja wa wachimbaji alimwinulia, Dereva akatikisa kichwa. "Hayo ni yake. Alishindwa kumeza tangu jana, nikasema labda akizinduka."

Ilibidi wamshike watu wawili ili anywe maji yao.

Lori walilivuta siku tatu baadaye. Fundi aliliendesha kurudi, na pipa la dizeli nyuma, akisimama kila kilomita hamsini kuchovya kijiti kwenye tangi. Kaka yake alikaa dirishani alipokuwa Mpishi. Njia nzima hakugusa usukani wala kuomba kuugusa.

Nyumba ya Mpishi ilikuwa ya vyumba viwili, na cherehani chini ya dirisha. Majirani walikuwa wameshasema kila kitu kabla yao: dhoruba, mapenzi ya Mungu, hakuna wa kulaumiwa. Mjane aliwapa viti. Dereva hakukaa.

"Shemeji," alisema. "Watakuambia ni dhoruba. Si dhoruba. Matairi nilifunga mimi, pipa nililishusha mimi, na huyu mdogo wangu aliniambia njia nikakataa kusikia. Siku moja nzima niliipoteza. Angekuwa hai."

Mjane alikunja kitambaa alichokuwa anakishona, akakikunja tena kikawa kidogo sana.

"Alikuwa na kiu?" aliuliza.

Fundi alimwona kaka yake akitafuta uongo, akauona uongo ukifika midomoni, kisha ukarudi.

"Ndiyo, shemeji. Mpaka mwisho."

Mama yule aliinuka, akaingia chumba cha ndani. Walisikia kifuniko cha mtungi, kisha kata ikigonga ukingo. Alirudi na bilauri mbili zimejaa hadi mdomoni, akampa Fundi moja, akampa Dereva nyingine.

"Kunyweni," alisema, akawasimamia mpaka wakamaliza.