Ua la Consolatha

Kila jioni, Speciose wa Kasulo alimwagilia ua la mkwewe Consolatha, mke wa mwanawe Bukuru. Lilikuwa ua la kuning'inia. Majani yake manene yalijipanga kama waridi, na matawi yake membamba yalishuka chini ya kopo lilimopandwa.

Consolatha alikuwa amekwenda kujifungulia kwa mama yake, Bugarama. "Mama, niangalizie ua langu," aliomba. Alikuja nalo siku alipoolewa, amelipakata njia nzima.

Speciose hakutaka lipungukiwe kitu. Alilijaza samadi, akalitandazia nyasi kama mgomba, akaliweka ndani lisichomwe na jua. Lakini majani yalilegea, yakaanza kudondoka. Akaongeza maji.

Asubuhi moja jirani yake Pili, muuza vitenge, alikuja kununua ndizi. Akaliona.

"Mama Bukuru, hili limepatwa na nini?"

"Sijui, mwenzangu. Nalimwagilia kila siku. Consolatha akirudi nitamwambia nini?"

Pili alifunua nyasi, akanusa udongo. "Mizizi imeoza. Umelilea kama mgomba."

"Sasa niliache na kiu?"

"Minya jani hili zima. Unaona lilivyojaa? Maji yake limeyaweka humu. Tia kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu mpaka chini, ndipo umwagilie. Mwagia udongo, si majani."

"Na samadi?"

"Rudishia migomba yako, isije ikanuna."

Speciose akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

Pili alikata vichwa vya matawi vilivyokuwa bado vizima. "Viache kivulini siku tatu, kidonda kikauke. Ukivipanda vibichi vitaoza."

Speciose alitoboa kopo chini, akachanganya udongo na mchanga wa mtoni, akapanda. Alilitundika barazani, penye jua la asubuhi. Kila alipopita na ndoo, mkono ulimwasha. Akajizuia.

Consolatha aliporudi na mtoto mgongoni, vichwa vilikuwa vimeshika mizizi na kutoa majani mapya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ua lako nililiozesha mimi, kwa maji. Haya ni machipukizi yake tu."

Consolatha aliyagusa majani taratibu. "Nilijua hutalinyima kitu, mama. Ndiyo maana nilikuachia wewe."

Akafungua mbeleko, akamweka mtoto mikononi mwa bibi yake.

"Huyu sasa," alisema, "mdekeze upendavyo."