Betri Zilizoanikwa Kaburini

Redio ya Tupokigwe ilianza kwa kukoroma, na redio ikikoroma kule mlimani Uyole kila jirani huwa fundi. Mmoja alisema waya wa antena ufungwe juu ya mparachichi. Mwingine alisema ipigwe makofi mgongoni, itatii. Eliezeri, mumewe, alisema betri zimechoka, zianikwe juani kama kawaida, maana mwaka ule wa sabini na sita betri mpya zilikuwa adimu madukani.

Lakini jua la masika lilikuwa la kuomba kwa Mungu. Lilifika mahali pamoja tu, nyuma ya nyumba kwenye migomba, juu ya sementi mpya ya kaburi la Abrahamu. Abrahamu alikuwa mtoto wao wa kiume wa pekee, utingo wa lori lililopinduka mteremko wa Kitonga. Redio yenyewe alimnunulia mama yake yeye. Tupokigwe alizipanga betri juu ya sementi iliyopata moto, akaona hata mwanawe angefurahi.

Mchana ule redio iliacha kukoroma. Ikasema, "Mama."

Tupokigwe aliangusha mwiko.

"Mama, nasikia baridi. Niruhusu niingie."

"Ingia, mwanangu," akajibu, na nani angemlaumu? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Tangu hapo nyumba ikanuka sementi mbichi. Kila mchana mama aliketi sikio likiwa redioni, akicheka, akilia, akimsimulia marehemu habari za ng'ombe na za shule ya Rozalia, binti yake mdogo, na kadiri sauti ile ilivyozidi kuwa safi ndivyo mikono ya Rozalia ilivyozidi kupoa, mpaka mtoto akawa anatetemeka juani, midomo ina vumbi la kijivu lisilotoka hata kwa maji ya moto, na Eliezeri, mzee wa kanisa asiyetaka hata kusikia neno jini, akashuka mwenyewe Mbeya mjini kumwita fundi redio.

Fundi Edmund alifungua mfuniko wa nyuma, akarudisha mkono haraka. Betri zilikuwa baridi, zinatoka jasho.

"Mama, haya mawe ya redio mliyaanika wapi?"

Tupokigwe akanyoosha kidole migombani. Edmund akashusha sauti. "Redio nimejifunza mjini, lakini hili nililiona kwa babu yangu. Huyo si mwanao, mama. Ni jini, kavaa sauti yake. Lazima ulimkaribisha kwa mdomo wako, basi mdomo wako ndio umtoe. Toa betri, umwambie huna mtoto wa kiume."

"Nitasemaje hivyo, ndugu fundi? Juzi tu nimemzika!"

"Na huyu Rozalia," Eliezeri akauliza taratibu, "tumzike lini, mama Abrahamu?"

Tupokigwe akazitoa betri moja moja. Redio tupu ikaendelea kusema.

"Usinifukuze, mama. Ndaga, asante, mama. Ule uji wa ulezi ulionitilia kwenye chupa niliunywa wote kabla hatujafika Kitonga."

Habari ya uji ule hakuna aliyeijua ila yeye na mwanawe. Akamtazama Rozalia, kisha akafumba macho.

"Sina mtoto wa kiume," akasema. "Sikuzaa mtoto wa kiume. Nenda."

Redio ikanyamaza. Eliezeri alizitupa betri mtoni, na jioni ile Rozalia aliomba chakula. Majirani walikuja kumshukuru Mungu, na mafundi wote wa redio wakakaa kimya.

Jumapili, Eliezeri akiwa kanisani na Rozalia akichambua maharage jikoni, Tupokigwe alikwenda migombani. Kila akilala alimwona Abrahamu amesimama kando ya barabara, chupa mkononi, akimsikiliza mama yake akimkana. Akalaza shavu juu ya sementi.

"Nilidanganya," akanong'ona. "Ninaye mtoto wa kiume. Ninaye, baba. Nisamehe."

Akasubiri. Sementi ilikuwa na joto la jua, wala hakuna aliyejibu. Akajifuta machozi kwa khanga, akainuka.

"Mama," Rozalia akaita kutoka jikoni, pale pembeni ya moto. "Mama, nasikia baridi."