Printa Iliyoomba Karatasi Nzito

Jirani yetu mmoja, ambaye mtaani tulizoea kumwita Karani, alifanya kazi katika ofisi ya kuandikisha vifo. Si kazi ya kutisha kama watu wanavyodhani. Asubuhi alifungua dirisha, akapangusa vumbi mezani, akawasha kompyuta na printa, akaketi kuwasubiri wafiwa. Walikuja na faili lao, yeye akaingiza jina, printa ikatoa cheti, muhuri ukagongwa, pole ikatolewa. Saa kumi alifunga, akarudi nyumbani kwa miguu.

Nyumbani alikuwepo dada yake mkubwa, fundi cherehani, mjane, mwenye mdomo usiochoka utani.

"Mimi na wewe kazi yetu moja," dada alipenda kusema. "Tofauti yake, mimi nawapima watu wakiwa wanaingia, wewe unawapima wakitoka."

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, dada aliacha shule akakalia cherehani ili mdogo wake asome. Alimfundisha hata kuandika jina lake, kwa chaki ya kuchorea vitambaa, juu ya meza ya kukatia nguo. Herufi ya mwisho alimwekea mkia uliopinda kama ndoano, "ili jina lisidondoke." Karani aliutunza mkia ule katika saini yake hadi utu uzima. Walikuwa wawili tu duniani, kama jicho na kope.

Printa ya ofisini Karani aliirithi kwa mzee aliyestaafu, waliyemwita Mzee Muhuri. Siku ya makabidhiano mzee alisimama mbele ya mashine ile kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa mbwa wa nyumbani.

"Taa ya kijani ikitulia, iko tayari. Kijani ikikonyeza, inapokea kazi. Nyekundu, karatasi imekwama au kifuniko kiko wazi. Njano ikikonyeza, inaomba karatasi. Na kioo hiki kidogo kitakuandikia ni kazi ya nani inayosubiri."

Kisha akaja kwenye karatasi. Nyepesi, trei ya juu, za barua. Nzito, trei ya chini, za vyeti. Hizo nzito azipepete kwanza zisishikane, upande laini utazame juu, na rimu aifunge kila jioni isinyonye unyevu.

"Lakini nzito usiziache kwenye trei, binti yangu. Weka moja moja. Faili liwe mezani kwanza, karatasi baadaye."

"Kwa nini, mzee?"

"Unyevu," alijibu. Lakini alikuwa akitazama dirishani.

Miezi kumi na moja Karani alifuata sharti hilo. Kisha zikaja wiki za mvua, na mvua ile ilikuja na homa, na foleni ya wafiwa ikatoka mlangoni hadi ngazini. Kuinama na kuinuka kwa kila cheti kukamuumiza kiuno. Jumatatu moja alizipepeta karatasi nzito ishirini, akazipanga zote kwenye trei ya chini, akasukuma kwa goti. Kazi ikaenda kama maji. Akajiuliza yule mzee alikuwa anajitesea nini.

Mchana, alipokuwa akimpa mama mmoja kalamu asaini, taa ya kijani ikakonyeza. Karani hakuwa ametuma kitu. Trei ikaguna, karatasi ikapita, cheti kikatoka kikiwa bado na joto.

Kilikuwa na jina la muuza magazeti wa langoni. Asubuhi ile ile mtu huyo alikuwa amemwambia, "Karani, chukua gazeti moja, mimi nisije nikaletwa dirishani kwako." Tarehe ya kifo ilikuwa ya kesho.

Karani aliguna, akamgeukia tarishi wa ofisi, mtu mzima aliyejulikana kwa mizaha.

"Huu utani mbaya, kaka."

Tarishi alisoma, akatikisa kichwa. "Haki ya Mungu si mimi. Hata huo mtambo siujui unawashwaje."

Karani akakichana vipande vinne, akavitupa, na kwenye daftari la namba akaandika "imeharibika."

Jumatano mke wa muuza magazeti alisimama dirishani na faili mkononi. Mumewe alianguka jana yake, akiwa anakunja mwavuli. Karani aliingiza jina. Kompyuta ikakataa. Cheti cha mtu huyo, ilisema, kilishatolewa.

Jioni, akiwa amejifungia chooni pale ofisini, alimpigia simu Mzee Muhuri. Akamsimulia yote.

"Uliacha karatasi ndani?"

"Ishirini."

"Zitoe."

"Nimeshazitoa. Mzee, inaua?"

"Sijui, binti yangu." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nimekaa nayo miaka mingi, sijui kama inaua au inajua tu. Nilichokiona ni kwamba isipopata karatasi, hukonyeza njano hadi siku ya tatu, saa ile ile iliyoanza, kisha huacha. Walionusurika niliwahesabu. Walikuwa wawili."

"Na ikipata?"

Mzee alikata simu.

Taa ya njano ilianza kukonyeza Alhamisi, saa tatu asubuhi. Meza ilikuwa tupu, hakuna faili. Karani alisogea taratibu, akainama kwenye kioo kidogo, akasoma jina la kazi iliyokuwa ikisubiri.

Lilikuwa jina la dada yake. Majina yote matatu.

Aliketi. Wafiwa waliokuwa kwenye foleni walidhani naye amefiwa, wakampa pole.

Alichomoa waya ukutani. Taa ya njano iliendelea kukonyeza. Akamwita fundi wa mitambo, kijana nadhifu mwenye mkoba wa bisibisi, ambaye alifungua, akapuliza, akafunga.

"Mama, hapa hakuna ugonjwa. Ina njaa tu. Ipe karatasi."

"Waya umeuona?"

Fundi akautazama waya uliolala sakafuni, kisha taa. "Kuna chaji imebaki ndani," alisema, bila kumwangalia usoni. Alifungasha haraka. Bisibisi yake moja ilibaki juu ya meza, na hakuirudia kamwe.

Mkuu wa ofisi alikuja kwa ghadhabu, kwa sababu foleni ilikuwa ikinung'unika. Karani akamwambia mashine imeharibika. Mkuu akaahidi kuleta nyingine Jumatatu. Tarishi, kwa nia njema, alijaza karatasi nyepesi kwenye trei ya chini ajaribu bahati. Mashine ilizivuta, ikazitafuna, ikawasha nyekundu. Walizitoa zikiwa zimekunjamana, tupu bila hata herufi. Nyekundu ikazimika, njano ikarudi. Ilijua uzito inaoutaka.

Ofisi nzima ilikuwa na rimu moja tu ya karatasi nzito. Kuichoma hakuthubutu, kila karatasi ilikuwa na namba, na kupoteza moja tu ni kufukuzwa, pengine na jela. Kwa hiyo jioni ile Karani alifanya jambo ambalo hata mimi ningelifanya. Aliifunga rimu ndani ya khanga, akaenda nayo nyumbani, akaisukuma chini ya kitanda chake. Ofisini hakikubaki hata kipande. Nani angeilisha?

Usiku alilala akiusikiliza mguu wa dada yake ukikanyaga cherehani chumba cha pili. Mlio ule ulipokatika alishtuka. Ulipoanza tena alilala.

Siku ya pili ilipita. Njano ilikonyeza tangu asubuhi hadi jioni. Karani hakuinuka kitini hata kwenda kula.

"Umekonda ghafla," dada alimwambia kwenye chakula cha usiku, ambacho Karani hakukigusa. "Nitakupunguzia gauni lako kiunoni. Ni nini, mdogo wangu? Nani kakuudhi?"

"Hakuna, dada. Kazi tu."

"Kazi haimli mtu hivyo."

Karani alitaka kumwambia. Lakini utamwambiaje aliyekulea kwamba jina lake linasubiri karatasi? Akamshika mkono, na dada akacheka, "Una baridi kama mkasi."

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, siku ya kazi ya nusu. Ofisi ingefungwa saa saba. Kabla ya hapo, saa tatu asubuhi, saa ile ile taa ilipoanza, muda wake ungetimia. Karani alifika saa moja na nusu, akavuta kiti, akakaa mbele ya mashine kama mtu anayelinda jiko.

Saa mbili kasorobo alimpigia dada yake. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akapiga mara ya saba.

Akamwambia tarishi, "Usiiguse. Tafadhali, kaka. Usiiguse." Akatoka mbio.

Mlango wa nyumbani ulikuwa umefungwa, akaufungua kwa ufunguo wake. Ndani, simu ilikuwa mezani kando ya cherehani, ikiwaka. Gauni lake lilikuwa chini ya sindano, limeshonwa nusu. Akaingia chumbani, akapiga magoti, akatazama chini ya kitanda.

Palikuwa patupu.

"Mmepishana njia," jirani alimwambia kutoka uani, akianika nguo. "Dada yako katoka kitambo, kajitwisha mzigo. Anasema usiku wa jana ulikuwa unalia usingizini, unasema karatasi hakuna, karatasi hakuna. Kapekua, kaziona. Kasema masikini, kasahau vifaa vya kazi nyumbani, ndiyo maana wanamsumbua."

Alikimbia. Watu walimpisha. Kiatu kimoja kilimvuka, akakiacha.

Alipofika juu ya ngazi, kitu cha kwanza alichokiona ni taa. Kijani. Imetulia.

Dada yake alikuwa ameketi kwenye benchi la wafiwa, anajifuta jasho kwa ncha ya mtandio, anatabasamu.

"Mbona unahema hivyo? Na kiatu kiko wapi?"

"Mama mkubwa katuokoa," tarishi alisema kwa furaha. "Mashine sikuigusa, dada Karani. Nilimwonyesha trei tu. Kaipepeta mwenyewe kama alivyokuona ukifanya siku alizokuletea chakula, akaweka moja. Palepale ikanyamaza!"

Ukutani saa ilionyesha saa tatu kasoro dakika nne.

Karatasi ililala mdomoni mwa printa, imefunikwa uso. Karani aliigeuza. Tarehe ilikuwa ya siku ile.

Hakuwa na la kufanya. Hilo ndilo alilolirudia baadaye kuliko yote: kwamba alisimama katikati ya ofisi aliyoijua, mchana kweupe, na hakukuwa na mtu wa kumwita. Akaenda kwenye benchi, akakaa, akauchukua mkono wa dada yake kwa mikono yote miwili.

"Twende hospitali, dada."

"Kufanya nini? Mimi mzima." Akaubana mkono ule. "Mkono wako leo una joto."

"Twende."

"Ngoja nipumzike kidogo. Ngazi zenu hizi." Akaegemeza kichwa begani kwa mdogo wake, kama Karani alivyokuwa akifanya utotoni pale mezani penye chaki. "Gauni lako nimelifikisha kiunoni," alinong'ona. "Upindo tu ndio umebaki."

Foleni ilisubiri kwa heshima. Muda mrefu ulipita kabla mtu yeyote hajatambua kwamba aliyekuwa akihema benchini pale ni mmoja tu.

Karani hakumlaumu tarishi, na sisi majirani hatukumlaumu yeyote. Mwenye huruma alileta karatasi, mwenye huruma mwingine akaonyesha trei. Wiki ya pili alirudi kazini kwa sababu hakujua aende wapi. Printa mpya ilikuwa mezani. Ya zamani ilikuwa imechukuliwa, hakuna aliyesema imepelekwa wapi.

Mkuu alimwambia kwa upole kwamba cheti cha dada yake hakiwezi kutolewa upya, maana namba yake ilishatumika. Kile kilichotoka Jumamosi kilikuwa sahihi, kila kitu mahali pake. Akamkabidhi akiweke kwenye faili.

Ndipo Karani alipokisoma hadi mwisho. Chini kabisa, kuna nafasi ya saini ya mtoa taarifa, yaani yule aliyeijulisha ofisi kuhusu kifo. Palikuwa pamesainiwa kwa kalamu ya bluu, kwa jina la Karani mwenyewe. Herufi ya mwisho ilikuwa na mkia uliopinda kama ndoano.

Kando ya saini palikuwa na tarehe. Ilikuwa ile Jumatatu ya mvua, siku aliyopanga karatasi ishirini, akasukuma trei kwa goti.

Aliacha kazi mwezi ule, akahama mtaa. Gauni halijapata upindo hadi leo. Lilibaki limekunjwa juu ya cherehani. Na karani aliyeshika nafasi yake analalamika kuhusu faili lile moja kabatini. Amelihamisha rafu mara tatu. Kila akilifungua, anasema, wino wa ile saini haujakauka, na vyeti vya watu wengine vinavyolala juu yake vinatoka na alama ndogo ya bluu, iliyopinda kama ndoano.