Askari Walioshambulia Magoti ya Chiriku

Kila asubuhi, kabla ya kushuka kitandani, Chiriku alikunjua magoti yake polepole, kama mtu afunguaye mlango wenye kutu. Shangazi yake, mshonaji, alimletea chai na kidonge, kisha akarudi kwenye cherehani.

Zamani jina hilo lilimfaa, maana mdomo wake haukujua likizo. Tangu magoti yaanze kuvimba, hakuwa na wa kuongea naye. Wenzake waliruka kamba uwanjani. Yeye alibaki darasani akisikiliza vicheko vyao.

"Bibi kizee, mkongojo wako uko wapi?" walimtania.

"Msimguse, atatuambukiza!"

Siku moja jirani yake wa dawati alimnong'oneza, "Eti dawa yako inashusha kinga ya mwili. Sasa utaponaje? Iache, upate nguvu."

Chiriku alikuwa na kiu ya kusemeshwa, basi akayameza maneno yale na kuacha kidonge. Alikificha chini ya ulimi. Shangazi akigeuka, anakitema.

Haukupita muda, magoti yakaumuka. Asubuhi moja alishindwa kusimama. Shangazi akambeba mgongoni hadi zahanati.

"Dawa anameza?" daktari aliuliza.

"Nampa kwa mkono wangu mwenyewe."

"Basi imeshindwa. Tutampa kali zaidi."

"Nilikuwa naitema," Chiriku alisema. "Jirani yangu wa dawati aliniambia inashusha kinga. Na wengine wanasema nitawaambukiza."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Kitendawili!" akasema.

"Tega," Chiriku alijibu kwa sauti ndogo.

"Askari yumo ndani, mwizi hayupo, mlango umevunjwa."

"Ni askari mwenyewe!"

"Umepata. Mwili una askari wake. Wengine husomea kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, wajifunze kumjua mwenyeji na mgeni. Wana vipokezi, ndiyo masikio yao ya kupokea amri. Askari wako wanasikia 'Shambulia!' kupita kiasi, wanayavamia magoti yako. Dawa inayaziba masikio hayo kidogo, watulie. Na ugonjwa huu hauambukizi."

Chiriku alianza tena kumeza kidonge, na uvimbe ukapungua taratibu. Akamweleza jirani yake wa dawati kila kitu.

"Kumbe!" yule alisema, akasogea karibu. Wengine bado walikaa mbali.

Jioni shangazi alisimamisha cherehani. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Ulipoiogopa dawa, ungeniuliza mimi. Upweke unauma, mwanangu, najua. Lakini rafiki hanunuliwi kwa afya yako. Ukibanwa na neno, lilete hapa, hata kama nimeshika sindano."