Swali Lililokuwa na Upande

Katika nyumba ya fundi makochi, redio haikuwa na kazi kubwa. Habari zote zililetwa na binti yao. Akirudi shuleni, sauti yake ndiyo iliyotangulia kuingia, mwili ukafuata. Alianza kusimulia akiwa bado anavua viatu: nani kachelewa, nani kaanguka, mwalimu gani kasahau chaki mfukoni akafua nayo shati. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku. Mama yake akawa Mama Chiriku. Baba yake naye, ingawa alipewa jina zuri na wazazi wake, akawa Baba Chiriku.

Baba Chiriku alifanya kazi mbele ya nyumba. Karakana yake ilijaa makochi yaliyochanika, vipande vya sponji na makopo ya gundi. Misumari midogo aliibana midomoni, akiitoa mmoja mmoja na kuigonga. Misumari ikiwa mdomoni, hawezi kujibu. Chiriku alizipenda saa hizo, maana hakuna wa kumkatiza.

Uchaguzi ulikuwa umekaribia. Magari yenye vipaza sauti yalipita barabarani, na kuta zilijaa picha. Vyama vikubwa vilikuwa viwili. Watu waliviita kwa alama zao, Ngazi na Kikapu. Baba Chiriku alikuwa mtu wa Ngazi, damu na nyama. Alikuwa hivyo tangu baba yake angali hai.

Siku moja Chiriku alirudi, akavua viatu, akaingia ndani bila kusema neno.

Baba Chiriku aliitema misumari kiganjani. "Mama Chiriku! Mtoto anaumwa?"

Mama Chiriku alikuwa mhudumu wa zahanati. Alimgusa binti yake shingoni na kwenye paji la uso. "Haumwi," alisema. "Ana jambo."

Jambo lenyewe lilikuwa kwenye daftari la somo la uraia. Mwalimu alikuwa ametoa zoezi: "Taja sababu nne zinazofanya chama cha Kikapu kifae kuendelea kuongoza." Chiriku aliandika sababu mbili. Kisha akaandika mambo mawili ambayo watu wanakilaumu chama hicho. Mwalimu aliyapiga mstari mwekundu, akaandika, "Hukuulizwa haya."

"Akasema mbele ya darasa kwamba mimi ni mpinzani wake," Chiriku alisema. "Wakacheka wote. Basi. Kuanzia kesho nitaandika anachotaka. Na mkono sinyooshi tena."

"Hata ukijua jibu?" mama yake aliuliza.

"Hata nikijua."

Baba Chiriku aliwaka. "Yaani shule inawafundisha watoto wetu Kikapu! Nitamfuata mwalimu mkuu. Zoezi lifutwe, waandike sababu nne za Ngazi!"

Mama Chiriku aliendelea kukunja nguo.

Siku zilizofuata nyumba ilipooza. Chiriku aliulizwa, "Shule ilikuwaje?" akajibu, "Nzuri." Baba Chiriku alikuwa amezoea kulalamika kwamba mtoto huyu atamtoboa masikio. Sasa aligonga misumari peke yake, na kelele zile akazikosa kama mtu aliyeng'olewa jino. Alimwogopea binti yake. Mtoto akizoea kunyamaza akiwa mdogo, nani atamfundisha kusema akiwa mkubwa?

Mwisho wa juma alipeleka kochi alilomaliza kulivalisha kitambaa kipya. Mwenye kochi alikuwa mwalimu wake wa zamani, aliyekwisha kustaafu. Wanafunzi walimwita Bi Miwani, lakini si mbele yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Liweke hapo dirishani. Mbona umenuna? Kochi limekushinda?"

Baba Chiriku alimweleza yote. Alipomaliza, Bi Miwani alikaa kwenye kochi lake, akalipapasa kitambaa.

"Unalikumbuka darasa letu?" aliuliza.

Angelisahau vipi? Lilikuwa chumba cha mabati. Mvua ikinyesha hamsikilizani, mnakaa tu mkichekeana, nguo zimeloa, chumba kizima kinanuka chaki na udongo. Mwaka wa uchaguzi, Bi Miwani aliwagawa. Wa Ngazi walikaa upande wa madirisha, wa Kikapu upande wa mlango. Wakajadiliana mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Kisha, hoja zikiwa zimepamba moto, Bi Miwani aligonga meza.

"Hameni!"

Hapo wa madirishani walihamia mlangoni, na wa mlangoni wakahamia madirishani. Kila mtu alitakiwa kuutetea upande aliotoka kuupinga.

"Wewe ulilia," Bi Miwani alisema.

"Sikulia, Mwalimu. Vumbi liliniingia machoni."

"Vumbi, siku ya mvua!"

Walicheka wote wawili. Baba Chiriku alikumbuka na ile sheria nyingine. Hukuruhusiwa kumjibu mwenzako kabla hujarudia hoja yake, tena vizuri, mpaka mwenyewe aseme, "Ndivyo." Alikuwa na rafiki mmoja wa Kikapu, mwembamba, mwenye meno yaliyoachana. Yule alikuwa mgumu kusema "Ndivyo". Alikurudisha mara tatu, mara nne, huku anatabasamu. Walirudi nyumbani wakibishana njia nzima, wamekumbatiana mabegani. Baadaye familia ya yule rafiki ilihama. Baba Chiriku hakumwona tena, na pale kwa Bi Miwani alimkumbuka mpaka moyo ukamuuma.

"Zile zilikuwa siku, Mwalimu."

"Zilikuwa siku. Sasa nijibu. Kama zoezi la binti yako lingesema, 'Taja sababu nne za kuichagua Ngazi,' ungekuja kunilalamikia?"

Baba Chiriku aliinama, akang'oa uzi uliochomoza kwenye kochi.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," Bi Miwani alisema. "Unataka kulitoa kosa la Kikapu ulete kosa la Ngazi. Mtoto atapona vipi? Tena usianzie kwa mwalimu mkuu. Anza na mwalimu mwenyewe. Nitakusindikiza, miguu yangu bado inanitii."

Siku ya masomo ilipofika walimkuta mwalimu wa uraia akisahihisha madaftari. Alikuwa kijana, na shingo ya shati lake ilikuwa imepigwa pasi vizuri sana. Alipoona wageni, aliinuka haraka.

"Hatukuja kugombana," Baba Chiriku alisema. Ilimgharimu kusema hivyo, lakini alisema. "Nimekuja kwa sababu binti yangu ameacha kuongea."

Kijana alilitazama daftari alilowekewa mezani. Uso ulimshuka. "Yule anayeuliza maswali kila wakati? Nilidhani siku hizi ametulia tu."

"Mwanangu," Bi Miwani alisema, "wewe mwenyewe unalionaje swali hili?"

"Nililiona la kawaida, Mwalimu. Kule nilikokulia kila nyumba ilipeperusha bendera ya Kikapu. Sikujua kama nimeandika siasa. Nilidhani nimeandika habari."

Bi Miwani alitikisa kichwa taratibu. "Wengi wetu tumepita hapo. Lakini ona. Swali lako lina jibu ndani yake. Umeshaamua kwamba chama kinafaa, ukamwachia mtoto kazi ya kukubali. Msema pweke hakosi, mwanangu. Swali la upande mmoja ni msema pweke."

"Basi niache kabisa kufundisha uchaguzi? Wazazi wasije kunilaumu?"

"Usiache! Hawa ndio wapiga kura wa kesho. Wafundishe, ila uliza kwa haki. Chukua jambo moja linalowagusa, tuseme maji. Waulize: kila chama kinasema nini kuhusu maji? Kina hoja gani? Ushahidi wake uko wapi? Kisha, wewe mwanafunzi unaonaje, na kwa nini?"

Kijana alikuwa akiandika. "Na alama nitatoaje?"

"Alama zinafuata hoja, hazifuati chama. Mtoto wa Ngazi na mtoto wa Kikapu wote wanaweza kupata kumi. Na wote wanaweza kupata mbili."

"Mmoja akiandika uongo?"

"Uongo hauwi kweli kwa sababu umepewa nafasi sawa. Chama kikisema kimechimba kisima mahali fulani, mtoto akaulize, akaone. Kama hakipo, hakipo."

"Na wakiniuliza mimi ni wa chama gani?"

"Waambie kura ni siri. Mimi waliniuliza miaka yote ya kazi yangu." Alimgeukia Baba Chiriku. "Si ndiyo?"

"Tulikuchunguza mpaka rangi ya mwavuli," Baba Chiriku alikiri. "Hatukupata kitu."

"Mume wangu, Mungu amrehemu, naye hakupata. Jambo la mwisho, mwanangu. Ukishaandika swali, jifanye mzazi wa chama hiki ulisome. Kisha jifanye mzazi wa chama kile, ulisome tena. Wote wawili wakiliona la haki, liandike ubaoni."

Mwalimu kijana alifunga kalamu yake. "Nitalirudia zoezi," alisema. "Na binti yako nitazungumza naye. Nilimfedhehesha mbele ya wenzake. Sitamwomba radhi pembeni."

Alitimiza. Kesho yake alisimama mbele ya darasa, akasema, "Nilikosea. Swali langu lilikuwa na jibu ndani yake. Chiriku aliandika pande mbili, mimi nikamkosoa. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi." Kisha akauliza swali jipya, na mikono michache ikapanda. Mmoja ulipanda polepole, ukasita njiani, ukashuka nusu, ukapanda tena. Ulikuwa wa Chiriku.

Jioni hiyo, sauti ilitangulia kuingia nyumbani.

"Baba! Mama! Tumepewa zoezi la maji! Natakiwa nihoji mtu wa Ngazi na mtu wa Kikapu, kila mtu anipe sababu zake. Na sitakiwi kumwambia mtu kwamba anakosea. Baba, wewe ndiye Ngazi wangu. Kaa."

Baba Chiriku alikaa karibu na meza yake ya kazi. Alifurahi mpaka akajisikia kama mgeni rasmi.

"Kwa nini unaipenda Ngazi?" Chiriku aliuliza, kalamu mkononi.

"Kwa sababu babu yako alikuwa Ngazi."

"Sawa. Sababu nyingine?"

"Na baba yake babu yako..."

"Hiyo ni ile ile, Baba. Kuhusu maji?"

Baba Chiriku alinyoosha mkono kwenye kopo, akatia misumari mdomoni. Chiriku alimngoja. Mwisho ilibidi aiteme, afikiri. Alifikiri sana. Alisema kwamba Ngazi inataka kuvuta bomba kubwa kutoka mtoni, na kwamba bomba kubwa likishajengwa litawafaa hata wajukuu. Aliposema hivyo alishangaa. Ilikuwa hoja nzuri, na hakuwa amewahi kuisema kwa mdomo wake.

Chiriku aliandika. "Sasa natafuta Kikapu. Niende kwa mwenye duka?"

"Usiende mbali," Mama Chiriku alisema kutoka mlangoni. "Niandike mimi."

Baba Chiriku alicheka. Aliona mkewe hacheki, akaacha.

"Wewe? Kikapu? Tangu lini?"

"Tangu hujanioa."

"Na hukuniambia! Kila uchaguzi nakuuliza!"

"Unaniuliza?" Mama Chiriku alivuta kigoda, akaketi. "Unaniuliza hivi: 'Mama Chiriku, mwaka huu sisi Ngazi tunashinda, eti?' Hilo nalo ni swali?"

Chiriku aliinua kichwa kwenye daftari. "Baba," alisema kwa upole, "swali lako lina jibu ndani yake."

Baba Chiriku alimtazama mkewe, mwanamke aliyekula naye, kulea naye na kuuguza naye kwa miaka yote hiyo. Alikumbuka zile nguo alizokuwa akizikunja kimya. Ukimya wa mtoto kwa siku chache ulikuwa umemkosesha raha. Huu wa mkewe hakuwa ameuona hata kidogo. Aliona aibu, na aibu hiyo haikuwa na pa kujificha.

Aliisukuma nyundo pembeni. "Haya," alisema. "Naanza upya. Mama Chiriku, kuhusu maji, wewe unaonaje?"

Mama Chiriku alimwangalia kwanza, kuona kama anatania. Kisha akasema. Kikapu kinataka kuchimba visima mitaani kabla ya bomba lile. Bomba ni zuri, lakini litachukua miaka, na zahanati inahitaji ndoo ya maji leo. Juzi wamemwosha mtoto mchanga kwa maji ya kuazima.

"Kwa hiyo wewe hutaki bomba," Baba Chiriku alisema.

"Sivyo. Rudia."

"Unataka visima tu."

"Sivyo. Nimesema visima kwanza. Rudia."

Baba Chiriku alivuta pumzi. "Unasema bomba lije, ila wagonjwa hawawezi kulingoja. Wachimbe visima sasa, bomba lifuate."

"Ndivyo," Mama Chiriku alisema.

Baada ya hapo hakunyamaza. Alieleza habari za visima, akaingia kwenye dawa zinazochelewa, akaenda kwenye barabara ya zahanati, akarudi kwenye visima. Aliwaigiza wagombea wa vyama vyote viwili, sauti na mikono, mpaka Chiriku akalaza kichwa mezani kwa kucheka. Chakula kilipoa. Baba Chiriku alijaribu mara mbili kutia neno lake, akashindwa.

Miaka yote alikuwa akiwaambia watu kwamba binti yake ameurithi mdomo ule kwa upande wake. Jioni hiyo alimsikiliza mkewe, akajua mtoto ameutoa wapi.